Dawa ya Kufungua Mdomo

Bado naiona siku ile niliyopaswa kusema mbele ya wakwe, mwanangu. Nakuita mwanangu ingawa sina mvi hata moja: wewe ni mtoto wa kaka yangu, na swali uliloniletea kutoka Kabambare, dawa gani inamfaa zaidi mtu anayeogopa watu, mimi pia niliwahi kuliuliza.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nikibishana na kila kitabu, lakini mbele ya wageni niliogopa hata kusalimia. Kwa kina Zaina, binti niliyetaka kumwoa, hapa Kasongo, mshenga husema yote siku ya posa, isipokuwa jambo moja: nyanya wa binti humuuliza kijana mwenyewe swali, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kulijibu. Aliyetangulia kumposa Zaina alinyamaza. Wakamrudisha kwao.

Rafiki yangu Safari, anayeendesha pikipiki kwenda machimbo ya dhahabu ya Salamabila, akaniletea tramadoli.

"Kunywa hii, musomi. Kule kwenye machimbo mutu bubu anakuwa mwanasiasa!"

"Na siku ukiikosa?"

Tramadoli ni dawa ya maumivu makali, na yeye tayari alikuwa hawezi kupanda pikipiki bila hiyo.

Valiamu, dawa ya kutuliza, niliijaribu kwenye arusi ya jirani. Hofu iliondoka kweli, lakini nilisinzia juu ya sahani, na kesho yake nikasimuliwa mazungumzo yangu mwenyewe kama habari za mtu mwingine.

Muuguzi wa kituo cha afya akanitajia propranololi, inayotuliza moyo na mikono bila kulewesha. Hiyo ilinipendeza, hadi aliponiuliza kama niliwahi kuugua pumu. Niliugua, utotoni. Akafunga kabati.

"Hii inaweza kukubana kifua. Iko zingine daktari anaandika, lakini zinachukua majuma mpaka zifanye kazi. Posa iko lini?"

"Kesho."

Akacheka sana.

Asubuhi Baba Mukubwa, mshenga wetu, alinikuta bado nalinganisha dawa zile kichwani.

"Dawa ikiisha, muke wako atabaki na nani?"

"Na kama mtu ni mgonjwa kweli?" nikambishia.

"Basi tutamupeleka hospitali. Wewe unaogopa tu. Vaa viatu."

Pale barazani kwa kina Zaina, nyanya yake aliitazama mikono yangu.

"Wee kijana, sababu gani unatetemeka?"

Baba Mukubwa alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

"Naogopa, nyanya," nikasema. "Naogopa mutanikatalia Zaina."

Nyanya akacheka hadi akafuta macho kwa kanga. "Hilo ndilo lilikuwa swali langu, na umelijibu mwenyewe. Mumusogezee kiti."

Sijui ningejibu nini nikiwa na kidonge tumboni. Hakuna anayeishi siku moja mara mbili ili alinganishe. Kwa hiyo usiniamini mimi, mwanangu, wala Safari. Kama hofu inakufungia ndani, huli na watu, huendi darasani, nenda kwa daktari, mweleze magonjwa yako yote, na ukipewa dawa inywe bila aibu. Usinunue ujasiri kwenye pikipiki, wala usichanganye dawa na pombe. Na kama ni kutetemeka kwa siku moja, tetemeka, useme hivyo hivyo.

Mungu akujalie watu wanaosubiri mpaka umalize kusema.