Fundi Penseli na Kifaa cha Sikio

Jina lake watu wameshalisahau. Wanamwita Fundi Penseli, maana penseli haijawahi kutoka juu ya sikio lake la kulia. Anakula nayo, analala nayo, na mkewe anaapa hata siku ya harusi alikuwa nayo. Kuranda mbao anajua, hilo hanyimwi. Kiburi nacho anacho cha kuezekea nyumba nzima kikabaki.

Msumeno wa umeme ulimla masikio polepole, yeye akasema watu wa siku hizi hawafungui midomo. Mkewe alipochoka kupiga kelele, akamnunia. Wiki nzima hamsemeshi. Na huyo bwana wala hakujua! Akawa anajisifu kwa majirani, "Mama watoto siku hizi ametulia, amepata adabu."

Habari zikamfikia mama watoto, akawaka. Akamfuata karakanani, akamshika mashavu ili amtazame mdomo.

"Nenda kwa daktari wa masikio! Ukirudi bila kifaa cha kukusikilizisha, nahamia kwa dada yangu. Utajipikia, utajifulia, na utajinunia mwenyewe."

Fundi akashika njia. Chai tu kuchemsha inamshinda.

Daktari, binti mpole, akampima huku na huku. "Baba, la kulia ndilo limeharibika zaidi." Akamwekea vifaa viwili mezani. Kimoja kidogo kama punje ya harage, kinazama ndani. Kingine kinakaa nyuma ya sikio.

"Huko nyuma pana mwenyewe," fundi akasema.

"Nani tena?"

Akaonyesha penseli.

"Si uihamishie kushoto, baba?"

"Mwanangu, wewe moyo wako unaweza kuuhamishia kulia?"

Daktari akamweleza kile kidogo hakipatani na vumbi la mbao, na vidole vyake vinene kama mihogo havitakiweza. "Lakini haya, kajaribu, kisha urudi."

Binti alidhani maonyo yatamwingia. Wapi! Fundi akaondoka na kile kidogo, kifua mbele, sikio halionyeshi kitu.

Kesho yake hata mchana haujafika, vumbi limeshakiziba. Akakichomoa, akakipuliza kama anavyopuliza randa, kikaruka kikazama kwenye maranda. Mtu na mvi zake akapiga magoti, akaanza kuchekecha maranda kwa chekeche la unga la mkewe. Kifaa akakipata. Mkewe naye akampata. Akaingia ndani kutafuta begi.

Fundi mbio kwa daktari. Akarudi amevaa kile cha nyuma, penseli imehamia kushoto, kichwa kimeinamia upande kama kuku aliyemwagiwa maji. Begi limeshafika mlango wa karakana, mkewe amesimama nalo. Fundi akaona haya kumwangalia, akajifanya ana kazi. Akainamia ubao, mkono ukapanda kulia kwa mazoea, ukachomoa kifaa, akapiga nacho mstari. Kifaa kikapiga mluzi, fiiii! Mstari hauonekani. Akaulaumu ubao, akapiga tena.

Kuja kushtuka, akakirudisha sikioni harakaharaka, mgongo ameupa mlango.

Mkewe akanong'ona peke yake, "Zee zima linaandika kwa sikio. Nikiliacha hili, litapika sabuni na kuila."

"Sabuni naijua," fundi akajibu, hata hajageuka.

Mwanamke akaganda. Miaka mingapi anausemesha mgongo ule, haujawahi kumjibu.

"Umenisikia?" akauliza kwa sauti ya chini kabisa.

"Nimekusikia. Na hilo zee nimelisikia pia."

Begi akalitua chini. Si kwamba alimsamehe, msije mkadhani hivyo.

"Haya, kaa," akasema, akavuta kigoda.

Akaanza na mambo ya juzi, akarudi ya mwaka jana, akateremka mpaka kwenye mashemeji waliomsengenya akiwa bado bibi harusi. Fundi alisikia yote, neno kwa neno, na mara hii hakuwa na la kusingizia. Makosa yote yalikuwa yake.