Nilimhamishia Jembe Kwenye Viroboto

Jamani, leo mbwa kaniaibisha bila kubweka.

Mimi huyu, utingo mstaafu, niliyezunguka na malori mpaka Lusaka!

Mbwa wangu Jembe alipoanza kujikuna na kunyonyoka manyoya karibu na mkia, nikatangaza: "Ukurutu huo, nimeuona nchi za watu." Nikamtoa ndani asiwaambukize watoto, nikampeleka banda la mbuzi.

Akazidi. Anajitafuna mpaka damu.

Leo daktari wa mifugo kaja hapa Mkonze kuchanja mbuzi. Akampangusa Jembe mgongoni kwa pamba iliyolowa. Vichembe vyeusi vikageuka vyekundu.

"Kaka, hiki kinyesi cha viroboto. Mate yao yanamdhuru, akiumwa na wachache tu anawashwa mwili mzima. Analala wapi?"

Mke wangu akadakia: "Kwa mbuzi, dokta. Mtaalamu wa Lusaka ndiye kaamua."

Yaani viroboto wenyewe wamejaa humo bandani!

Jembe kapewa dawa, mbuzi nao. Samadi yote nimezoa mwenyewe, banda likapuliziwa. Ninyi mkiona mbwa anajitafuna, chambueni manyoya kwanza, acheni udaktari wa mdomo kama wangu.

Jioni nikamwita: "Jembe, njoo ulale ndani."

Kaja mpaka kizingitini. Kaniangalia usoni, mkia chini, hakuingia. Anadhani bado nimemkataza.

Basi nimetandika mkeka hapa nje, nimekaa naye.

Wenye mbwa, nimwambieje anielewe?