Unga wa Uyoga na Kifua cha Mama

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua za kwanza, nikiwa msichana wa miaka kama ishirini, nilipoweka kikapu changu cha uyoga mbele ya mama mkubwa Leokadia, naye akakimwaga chote kwenye tope. Chote, kwa sababu ya uyoga mmoja ambao shina lake hakulipenda. Nilikuwa nimezunguka msituni tangu alfajiri, miguu imechanika, na nyumbani hatukuwa na mboga nyingine. Yeye akafuta mikono kwenye kitenge, akaniambia nirudi nikachume mwingine, mvua bado ipo.

Mama mkubwa alikuwa dada wa mama yangu. Kijijini kwetu, upande wa Kate, anayechuma uyoga alikuwa hapiki peke yake. Lazima upite kwenye mikono ya pili, ya mtu mzima anayeujua, aupindue mmoja mmoja, atazame chini ya kofia, atazame shina, aunuse. Na uyoga wa kukausha tuliukausha mzima, au vipande vikubwa. Hakuna aliyeusaga. Ukiusaga umeufuta uso, hakuna tena awezaye kusema ni upi. Mimi niliona ni tabia tu za wazee waliozoea kutuchelewesha.

Nakwambia haya, mwanangu, kwa sababu ya kopo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Felista alikuja kunisalimia hapa Pito. Anaishi mjini Sumbawanga, binti mchangamfu, maneno yake yanakwenda mbio kuliko pikipiki. Alipomaliza shikamoo akatoa kopo kwenye mkoba, mojawapo ya yale anayowauzia watu, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama anaweka sadaka. Ndani kuna unga wa kahawia. Nje kuna picha ya uyoga mwekundu unaong'aa kama umepakwa mafuta. Akaniambia huo unashusha presha, unasafisha damu, unaongeza kinga ya mwili, unarudisha usingizi. Nikamuuliza unafanya lipi kati ya hayo. Akacheka.

"Yote, Bibi. Na ukishauzoea, vile vidonge vyako vya presha unaviacha taratibu."

Mimi darasa la tatu sikulimaliza. Nina mashine mbili za kusaga hapa Pito na sikurithi hata sufuria, kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sijui unga. Lakini siku hiyo nililivuta kopo karibu na macho. Uyoga ule wa kwenye picha, au ndugu yake wa karibu, nilikuwa namjua. Nilimjua miaka mingi kabla ya kopo.

Mama yangu alikohoa tangu nikiwa nalima naye ulezi. Tulidhani ni baridi, maana kwetu juu huku upepo wa kipupwe unaingia hadi kwenye mifupa. Alipokonda tukampeleka kituo cha afya, wakamkuta na kifua kikuu. Alikaa kwa ndugu karibu na kituo akichomwa sindano kila siku, kisha wakamruhusu arudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Nesi alimshika mkono, akamwambia amalize vyote hata akijiona mzima. Na mimi nilikuwepo, nikasikia kwa masikio yangu. Mama hakusoma kabisa. Mimi wa darasa la tatu ndiye nilikuwa msomi wake.

Vidonge vilimtesa. Vilimletea kichefuchefu, akawa anaegemea ukuta kila asubuhi, uso umekuwa wa majivu. Ndipo akapita mama mmoja muuza migebuka, samaki wa ziwani, kutoka Wampembe, akanunua maharage kwetu, akamsikia mama akikohoa. Akasema kwao mtu wa kifua hunyweshwa ule uyoga mgumu unaoota kwenye magogo, mwekundu, wa kung'aa. Akaendelea na safari yake. Hakuniuzia kitu wala hakunidanganya, alisema alichokisikia.

Niliutafuta siku tatu. Nikaukuta kwenye gogo lililoanguka, mgumu kama soli ya kandambili. Hapo nilitakiwa niuchukue hadi kwa mama mkubwa. Nilijua atafanya nini. Ataupindua, ataunusa, atasema huu siujui, na yatakuwa yameishia hapo. Na kuna jambo lingine, mwanangu, nalisema leo kwa vile nimezeeka na aibu imeniisha: nilitaka niwe mimi niliyemponya mama. Mimi, na si nesi wala mama mkubwa. Nikaukausha juu ya jiko, nikautwanga kwenye kinu mpaka ukawa unga laini, nikauficha kwenye kibuyu.

Nikawa nautia kwenye uji wa ulezi. Jioni nampikia uyoga wa kichuguu kwa karanga, ule wa kweli tunaoujua wote, au maharage, au kuku nikimpata. Mama akaanza kula. Mashavu yakarudi. Siku moja nikamsikia anaimba akipepeta, nikasimama nje ya mlango nisiingie, ili asinyamaze.

Maana mama alikuwa mwimbaji. Kanisani kwetu wimbo ukipanda, sauti za wengine zikichoka, yake ndiyo iliyokuwa inabaki juu peke yake mpaka padre anasubiri.

Basi mimi nikauona unga wangu tu. Sikuviona vidonge alivyokuwa anameza kila siku, sikuziona zile sindano, hata kile chakula sikukiona. Nikamwambia, "Mama, hivi vidonge vinakutesa bure. Uji unakutosha." Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Akanipa mfuko, nikauchomeka kwenye tundu la ukuta nyuma ya kitanda. Aliniamini, mwanangu. Hakuuliza mara ya pili.

Kipupwe kilipoingia kikohozi kikarudi. Nikazidisha unga. Kikazidi na chenyewe. Asubuhi moja mama mkubwa alikuja kuomba moto, akamkuta dada yake ameinama, kitenge mdomoni, na kwenye kitenge damu. Alimlaza kwanza. Kisha akanitoa nje, akaniuliza ninampa nini. Nikaleta kibuyu. Akamimina unga kidogo kiganjani, akausogeza kwenye mwanga.

"Ni nini hiki?"

"Uyoga, mama mkubwa."

"Uyoga gani?"

Nikatazama kibuyu.

"Nionyeshe shina lake." Akanisubiri, kama vile kweli ningeweza kulitoa. "Umemlisha dada yangu kitu ambacho mimi siwezi kukipindua."

Hakupaza sauti. Angenipiga ningefurahi. Akaniuliza viko wapi vidonge, nikauchomoa mfuko ukutani, umejaa vumbi. Alipouona aliketi chini kwenye baridi ile, mwanamke mzima, akafunika uso kwa viganja, na ule unga ukambaki kwenye paji la uso.

Jirani yetu Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, alifunga mkokoteni bila kuulizwa habari nyingi. Tulimtandikia mama mabua na blanketi. Nilipakata kichwa chake. Mama mkubwa alikataa kupanda, alitembea pembeni njia nzima, mkono mmoja ameshika ubao wa mkokoteni, mkono mwingine ameshika kifundo cha khanga alimofunga ule unga akauonyeshe kule kituoni. Nikamwambia Masanja awaharakishe ng'ombe. Akanijibu kwamba ng'ombe wake wanajua wamebeba mtu, nitulie. Nikashindwa, nikalia. Mama akafungua macho.

"Usilie," akaniambia. "Uji wako ulikuwa mtamu."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo, na uzito wake haujapungua.

Nesi alikuwa yuleyule. Alifungua kifundo, akautazama unga, akasema hawezi kujua ni nini, na kwamba huenda upo uyoga wenye manufaa yake, yeye hapingi. Alichokijua ni kwamba ugonjwa ulikuwa umeangushwa chini lakini haujafa, na sisi tukauacha uinuke. Sasa umeinuka una nguvu kuliko mwanzo. Tukaanza tiba upya, na sindano zote. Nilikaa naye kule muda wote. Kila asubuhi alimeza nikimtazama, kisha ananifungulia mdomo kama mtoto, anioneshe kuwa ameshameza, na tunacheka kidogo. Tulipika uji wa ulezi uleule, bila kitu ndani.

Mama alipona. Aliishi, akaniozesha, akawabeba wajukuu na kitukuu mmoja. Lakini kifua hakikurudi kilivyokuwa. Kupanda mlima na kuni hakuweza tena. Na kanisani, wimbo ukifika juu, alikuwa anafungua mdomo tu. Pumzi haifiki. Nilikuwa nakaa benchi la nyuma yake, nikiona mabega yakipanda kuitafuta ile sauti, na sauti haiji. Miaka yote hiyo hakunilaumu hata mara moja. Mama mkubwa naye hakulirudia tena jambo lile. Ila tangu siku ile, kila nilipotoka msituni, nilimpelekea kikapu kabla hata ya kunawa miguu.

Hayo yote nilimsimulia Felista, kopo likiwa katikati yetu. Alisikiliza, kisha akasema ya zamani ni ya zamani, huu wa kopo umepimwa.

"Umepimwa na nani, niende nikamsalimie?"

Akasoma kopo, akaligeuza, akasoma tena. Akasema wameandika tu kwamba umepimwa.

Kesho yake tukaenda wote kliniki ninakochukua vidonge. Daktari ni kijana, ananiamkia vizuri. Alilisoma kopo lote kwa utulivu, hakumcheka mjukuu wangu, na hilo nilimheshimu. Akatuambia uyoga ni chakula kizuri, nile. Akasema hata huu mgumu wapo wataalamu wanaouchunguza, lakini haujathibitika kwamba unaweza kukaa mahali pa vidonge vya presha. Tena aina nyingine zinaweza kushusha presha au kuifanya damu iwe nyepesi, zikikutana na dawa nyingine mtu akaanguka chooni, na watu wasijue kilichomwangusha. Kama nautaka sana, nimwambie, atanipima na kunifuatilia. Vidonge nisiviache.

Tukatoka na Felista mpaka barabarani. Hapo akanishika mkono.

"Bibi, na wale niliokwisha kuwauzia?"

Niliyafurahia maneno hayo kuliko shikamoo zote alizowahi kunipa. Nikamwambia twende nyumba ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya Mama Zuhura, mwenye duka la vitenge pale mjini, mgonjwa wa sukari. Alitukaribisha chai, akajisifu kwamba vidonge vyake amevifungia kabatini wiki nzima, sasa anatumia kopo peke yake. Felista akataka kusema, akaishia kuzungusha kikombe mikononi. Sikumsaidia. Nilisimama tu pembeni yake, kama mama mkubwa alivyotembea pembeni ya mkokoteni. Mwishowe akasema, "Mama, nilikosea. Nilikwambia kitu nisichokijua." Mama Zuhura alinuna kidogo, akamuuliza kama na hicho kitenge alichovaa alikinunua kwa pesa ya maneno ya uongo. Kisha akaenda kabatini. Mchana huohuo tukampeleka akapimwe, na sukari ilikuwa imepanda, lakini tulikuwa tumewahi. Tumebakiza nyumba mbili, moja iko Kate. Tutakwenda Jumamosi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kula uyoga. Ukipata wa kichuguu, weka karanga, uniite. Hata hilo kopo sikukatazi, mradi daktari wako ajue unatumia nini pamoja na nini. Ila dawa uliyopewa hospitali usiiache kwa neno la muuzaji, wala kwa neno la jirani, wala kwa sababu umeamka unajisikia vizuri. Mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu ya hiyo dawa unayotaka kuiacha. Ikikutesa, rudi kwa aliyekupa umwambie inakutesa, wanazo njia.

Na kama ni wewe unayemletea mtu dawa, jichunge zaidi. Mgeni akimletea mama yako unga, mama atauliza maswali. Ukimletea wewe mwanawe, atakunywa. Mimi sikumdhuru mama kwa chuki, nilimdhuru kwa mapenzi na kiburi cha kutaka kumponya peke yangu. Kwa hiyo unachompa umpendaye kipitishe kwanza kwenye mikono ya pili, ya mtu anayekijua. Akikimwaga kwenye tope, usilie. Rudi msituni.

Mungu akulindie kifua chako. Akujalie watu wazima wa kukukagulia kikapu, na unyenyekevu wa kuwapelekea. Akupe wazee wa kuwatunza, nao wakubariki kwa midomo yao wenyewe. Na siku wimbo utakapopanda juu, wengine wote wakichoka, akupe pumzi ya kufika nao mwisho.