Mchezo wa Lori la Chai

Juzi Makambako, kwa fundi kompyuta, nilimkuta mzee mwenzangu niliyesoma naye misheni. Fundi alikuwa ameufufua mchezo ambao mwenzangu aliutunga ujanani kwenye kompyuta ya padri na kuuhifadhi kwenye kaseti. Kwenye skrini, lori lilikuwa likikusanya majani ya chai ya Lupembe.

"Haujawahi kuchezwa na mtu mwingine," alisema, akiifuta skrini kwa mkono wa koti.

Nikaona wivu. Mimi pia nilitunga mchezo kwenye kompyuta ile ile, na wangu ulikuwa mzuri zaidi!

"Kaseti yako ilisalimikaje?" nikamuuliza.

"Kwetu hatukuwa na redio ya kaseti, ndugu yangu. Nani angerekodi kitu juu yake?"

Kwetu ilikuwepo, na tuliwaringia wasio nayo kweli kweli. Mama alirekodi kwaya ya Pasaka juu ya mchezo wangu, tena sauti zenyewe zilipishana.