Mkwe Asiyekula Kwetu

Mume wangu Zéphirin anachomelea vyuma kiwandani kule Shituru, na nikisema hakuna fundi anayemzidi, msidhani ni mapenzi. Bomba aliloliunga yeye halivuji. Lakini kwa mama yangu, huko Kakanda, kwa miaka alijulikana kwa jambo moja tu: hali chakula chetu.

Mwanzoni walimsifu. Kwetu mkwe mpya hali mbele ya mama mkwe mpaka afunguliwe mwiko huo, ni heshima. Basi mama akachinja kuku, akamfungua mbele ya ukoo mzima. Zéphirin akashukuru, akanawa mikono, akautazama ugali wetu, bukari, mpaka ukapoa. Mwaka uliofuata vilevile. Hapo heshima ikageuka tusi: kumbe anadhani tunamtilia sumu! Kaka yangu Doudou akazoea kuonja sahani ya Zéphirin kwanza, kwa kejeli, na watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliniambia kuwa siku ya ubatizo wa mjukuu wake, mkwe akiacha tena sahani, asikanyage tena kwake.

Sumu gani? Masalio niliyofungiwa na mama, Zéphirin aliyamaliza yote tukifika nyumbani Likasi. Nikaanza kumchunguza. Kazini, wenzake waliniambia, hula amegeukia ukuta. Tukialikwa Jumapili, tumbo humkata tangu Ijumaa. Kwenye matanga huzunguka nyuma ya nyumba asije akapeana mikono na waliokaa, maana viganja vyake hulowa jasho. Akishika glasi mbele za watu, kinywaji humwagika. Nilipomuuliza, alisema tangu shuleni huona kama watu wote wanamhesabia makosa.

Nikampeleka kwa Aimée, muuguzi wa mtaani kwetu. Akasema huo si ujeuri wala uchawi, ni ugonjwa: hofu ya kutazamwa na watu, inayomfanya mtu akimbie hata anachokitamani, miaka nenda miaka rudi. Unatibika, akasema, kwa kuisogelea hofu kidogo kidogo, na mtu wa kuongea naye akiwa karibu. Akawa anamwona kila wiki. Zéphirin akaanza kula akitazamana na mwenzake mmoja kiwandani, kisha wawili. Jioni alirudi amechoka kuliko siku za kubeba vyuma. Mimi nilijivuna kimyakimya.

Siku ya ubatizo ikafika, tukaenda Kakanda. Bukari, sombe ya majani ya muhogo na samaki vikaandaliwa, na Doudou akanyoosha mkono aonje. Zéphirin akaizuia sahani, akasimama. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Mama, haiko sumu njo naogopaka," akasema. "Naogopaka macho ya bantu. Iko bugonjwa, niko najitunza."

Mama akaamuru kila mtu, Doudou wa kwanza, ageuke atazame mlangoni ili mkwe wake ale kwa raha. Wakaanza kugeuza viti.

"Hapana, Mama," akasema Zéphirin. "Muache baangalie."

Akaketi. Tonge la kwanza lilimponyoka, likaangukia suruali yake ya kanisani, wote wakiona. Akamega lingine, akala. Nilitamani kupanda juu ya kiti niiambie Kakanda nzima kwamba huyo ni mume wangu.