GPS Yangu na Mzee wa Lagga

Kabla hujaniita mwongo, njoo Kanamkemer, hapa Lodwar. Uliza nyumba ya dada yangu Asekon, zunguka nyuma, utaona tairi limelala karibu na tangi la maji. Liangalie vizuri, kisha urudi uniambie nimetunga. Haya yalinipata mchana kweupe, jua la utosi, na sikuwa nimeonja hata tone la kitu.

Ndio kwanza nilikuwa nimepata leseni. Watu walidhani nimejifunza gari kwa kupenda sifa, na kweli napenda. Nilishajiona na magari yangu ya watalii yakielekea ziwani, mimi mbele nimevaa miwani. Lakini sababu hasa ilikuwa Asekon. Mimba yake ya kwanza ilimharibikia kwa wakwe zake, huko ndani upande wa barabara ya Kakuma, kwa kukosa tu gari la kumleta hospitali. Alipobeba ya pili nilimwahidi: "Safari hii nakuja mwenyewe." Nikapata kazi kwa Mama Ekal, mwenye pikapu ya kubeba samaki wakavu, naye akakubali kunipa gari siku hiyo ikifika.

Shida ni kwamba wakwe wa Asekon ni wafugaji. Leo boma liko hapa, mvua ikinyesha kwingine linahama. Ramani gani itajua boma linalotembea? Shemeji alikuwa akipanda kilimani kunakoshika mtandao, ananitumia tarakimu za mahali walipo, basi. Nami nikiacha lami simu inakufa. Kwa hiyo nilihitaji GPS ya kweli, inayoongea na setilaiti bila kuomba mtandao.

Hassan, anayeuza vitu vya umeme sokoni Lodwar, alinitolea mbili.

"Hii ndogo haina urembo," akasema, "lakini inachora njia uliyokuja nayo. Ukipotea, unarudi na nyayo zako mwenyewe."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo inakuchagulia njia fupi. Tena inaongea Kiswahili."

Akaiwasha. Sauti ya dada mpole, kama anakukaribisha chai. Moyo wangu ukaisha pale pale.

"Ndugu yangu, unachagua kifaa ama unachagua bibi?" Hassan akacheka. "Dereva mgeni achukue inayomrudisha, asichukue inayombembeleza."

Nilichukua inayobembeleza. Ungekuwa wewe?

Siku ilipofika, Mama Ekal alikagua gari mwenyewe. Huyo mama hupiga rangi nyekundu kwenye kila tairi, hata la spea, ili likiibwa alijue. Spea ililala nyuma, imefungwa mnyororo na kufuli, na ufunguo wa kufuli hampi mtu.

"Mtu akikusimamisha porini usisimame," akaniambia. "Siku hizi hata wazee wanawekwa kama chambo."

Kwenda, GPS ilinifikisha bomani kama imezaliwa hapo. Nikaisifu kwa sauti. Asekon alikuwa ameshaanza uchungu. Tukampandisha mbele, na mama mkwe wake akamtia mkononi kifuko cha etaba, ile tumbako ya kutafuna.

"Njiani kuna wazee," akasema. "Mzee hapitwi hivi hivi."

Kurudi, yule dada wa kwenye sanduku akachagua njia nyingine. Fupi, akasema. Asekon anauma kitambaa cha shuka, mimi nakanyaga mafuta. Mbele tukaona lagga, ule mto wa mchanga usio na maji, mweupe unang'aa. Ng'ambo yake, lami. Mbingu safi, hata wingu la kufutia jasho hakuna.

Katikati ya njia kasimama mzee mwenye fimbo. Nikapiga honi. Hakusogea. Kushoto miiba, kulia miiba. Nikasimama, sikuzima injini.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok-noi, mzee. Nina mgonjwa. Tupishe."

"Namwona. Unampeleka kwenye maji?"

"Maji gani? Si mchanga huo?"

Sanduku likasema, "Endelea moja kwa moja."

Mzee akainama dirishani, akalitazama. "Huyo dada humo ndani, ameshawahi kulala hapa?"

Nisikilize, sikumpenda hata kidogo. Nguo yake kuukuu, lakini miguuni amevaa akala, viatu vya tairi, vipya kabisa, vimekatwa juzi ama jana. Na kisigino kimoja kina wekundu. Nikawaza ni damu. Damu ya nani? Nikatazama vichakani, nikiona vivuli vya watu kila mahali. Nikatia gia.

Asekon akanishika mkono. Kucha ziliingia. "We mtoto wa mama! Mpe mzee etaba!"

"Dada, huyu ni chambo..."

"Mpe!"

Nikampa. Akaweka mdomoni polepole, kana kwamba hakuna mtu anayezaa.

"Fuata nyayo zangu," akasema, na akageuka kufuata ukingo wa lagga kuelekea chini.

Mtegoni ama mchangani? Nilimfuata kwa sababu ya zile kucha za dada yangu, si kwa imani. GPS ikawa inasema geuka, geuka, geuka, halafu ikanyamaza. Mzee alitembea tu, hakukimbia, nami niko gia ya tatu, na niamini, sikumfikia. Nyayo zake mbele yangu zilikuwa na meno ya tairi, kama pikipiki mbili ndogo zimepita zikirukaruka.

Ndipo tukasikia ngurumo nyuma. Nikatazama kioo. Pale nilipotaka kuvuka pamejaa maji mekundu, yamebeba mti mzima na mbuzi. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali. Mtoto yeyote wa Turkana anajua lagga huja bila wingu. Mimi pia nilijua. Nilisahau kwa sababu ya sauti tamu.

Tulivuka kwa juu, kwenye daraja la lami. Nyayo zikaishia kwenye lami. Mzee hakuwepo, na pale ni tambarare, hata mbuzi hawezi kujificha.

Asekon alijifungua salama Lodwar, mtoto wa kike. Tukamwita Nakiru, jina la mvua.

Kesho yake Mama Ekal akaja kufungua spea yake. Akasimama. Akaniita.

"Umeuza tairi langu likatwe viatu?"

Mnyororo mzima. Kufuli zima. Tairi limetobolewa nyayo mbili, kulia na kushoto, safi kama mkate. Na pale palipokuwa na rangi nyekundu, ndipo kisigino kilipotoka.

Nilimweleza yote. Hakunifukuza, lakini hajapanda gari na mimi tangu siku ile, na lile tairi alikataa hata kuligusa; nikaliweka kwa Asekon, aliyehamia Kanamkemer na mtoto. Ile GPS nilimrudishia Hassan nikachukua ndogo. Kwa mara ya kwanza hakutania.

Mchungaji anasema alikuwa malaika. Asekon anasema ni mzee wa ukoo. Mimi? Mimi nauliza hivi: viatu alikuwa amevaa kabla hajatuona. Anayechukua ujira kabla ya kazi, nani amekwambia amemaliza kuchukua?

Maana Nakiru sasa anatembea. Umpe mwanasesere, umpe mpira, atauacha aende kwenye lile tairi. Anaingiza miguu kwenye yale matundu, mmoja, halafu wa pili, anasimama wima kimya akitazama upande wa Kakuma. Nimelichoma moto mara kadhaa. Halishiki. Miguu yake bado ni midogo, asante Mungu. Lakini kila nikija naipima kwa macho, na inakua.

Kwa hiyo wewe dereva mgeni, chagua kifaa unachotaka. Ila beba etaba. Na ukisimamishwa na mtu mwenye viatu vipya vya tairi, shuka kwanza ukatazame spea yako. Ukiikuta nzima, kanyaga mafuta usigeuke. Ukiikuta imekatwa, mfuate, atakuvusha. Lakini usije ukasema hukuambiwa kwamba deni linabaki.