Bomba Jipya la Hewa

"Mama, ukifunga hili bomba jipya la kuingiza hewa kwenye injini, turbo itavuta mpaka ushangae," fundi wetu wa Mpanda alimwambia mwenye pikapu inayobeba mahindi ya Sibwesa.

"Tupime kwanza."

"Mbona wanaume wote wanafunga bila kupima?"

"Ndiyo maana hata wewe hujui kama linafaa."

Tukapanda mlima ule ule mara mbili, magunia yale yale, kwanza na bomba la zamani, kisha jipya. Mimi, niliyekuwa nasubiri gari langu, nilishika saa. Dakika mbili kamili, safari zote mbili.

"Lakini mlio umeusikia?"

"Mlio haubebi gunia. Nirudishie bomba langu, na kila bolti." Akakinga kiganja.

Bomba kama hilo kwenye gari langu nimelisifu mwaka mzima, kwa mlio wake.